Kesi ya Habari Hupotelea Masjala: Hotuba kwa Mawakili wa Serikali za Kaunti

Mabibi na mabwana, mawakili wenzangu wa kaunti, makarani wa mabunge, na nyinyi maafisa wa rekodi mlioketi viti vya nyuma ingawa mengi ya leo yanawahusu nyinyi kuliko yanavyotuhusu sisi.

Nimeombwa nizungumzie habari za umma na vikao vya wazi. Sheria yenyewe si ndefu. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, inaeleza haki hiyo itatimizwa vipi. Ukiketi nayo jioni moja unaimaliza, kwa hivyo sitaisoma hapa. Ninachotaka kusema ni hiki: serikali zetu zikishindwa katika mambo haya, mara nyingi hazishindwi kwa kukosa hoja ya kisheria. Zinashindwa kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuonyesha barua ilipokewa lini, nani alitumwa kutafuta, alitafuta wapi, na nani aliamua nini siku gani. Wakili anasimama mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya walionyimwa habari, au mbele ya jaji akiwa na hoja safi, na faili tupu.

Tuanze na hesabu ya siku, maana hapo ndipo wengi huangukia.

Kifungu cha 9 cha Sheria ya 2016 kinatoa siku 21 tangu ombi lipokewe. Hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi. Kanuni hiyo imo katika Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, ile ya kufasiri sheria nyingine, kifungu cha 57, ambacho pia kinasema siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku inayofuata ya kazi. Kifungu cha 11 cha Sheria ya 2016 nacho, kinachohusu barua ya kumjulisha mwombaji kwamba amekubaliwa, kinataja siku 15 za kazi. Katika wiki tatu za kawaida hesabu hizi mbili huishia siku moja, na ndiyo sababu maafisa wengi hawajui kwamba ni hesabu mbili. Mambo huharibika msimu wa sikukuu. Chukueni ombi lililopokewa Jumatatu tarehe 15 Desemba 2025. Siku 15 za kazi, ukiruka Krismasi, tarehe 26 na Mwaka Mpya, zinaisha Alhamisi tarehe 8 Januari 2026. Siku 21 zimeisha Jumatatu tarehe 5. Afisa aliyejipa raha ya siku za kazi amechelewa siku tatu, na sheria inasema muda ukipita kimya, ombi linahesabiwa limekataliwa. Yaani mmekataa bila kuamua, bila sababu, na bila kumwambia mwombaji aende wapi. Sijui wakili gani anaweza kutetea hilo akaeleweka.

Kuna nyakati fupi zaidi. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, mna saa 48. Mtu anayeuliza ndugu yake alihamishwa kutoka hospitali ya kaunti hadi wapi hangoji wiki tatu, na ombi kama hilo halifai kupangwa foleni moja na la mtu anayetaka ramani ya shamba la soko. Na ikiwa habari iko kwa taasisi nyingine, mna siku tano za kulihamisha ombi, na mwombaji ajulishwe ndani ya siku saba tangu mlipolipokea. Huyo mwingine hapewi siku 21 mpya: saa yake ilianza siku ombi lilipowasilishwa kwenu. Kwa hivyo kaunti inayokalia ombi la dawa zilizoletwa na KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, kwa siku kumi na nane, kisha ikalituma Nairobi na barua ya pole, imemwibia KEMSA muda na kujiletea lawama yenyewe.

Nyongeza ya muda ipo, mara moja tu, isiyozidi siku 14, na kwa sababu mbili: habari ni nyingi au upekuzi ni mkubwa, ama kuna mashauriano ambayo hayawezi kumalizika ndani ya siku 21. “Mkurugenzi yuko safarini” haimo. Barua ya nyongeza iandikwe kabla siku 21 hazijaisha, itaje sababu mojawapo, na itaje tarehe mpya. Nyongeza inayoandikwa siku ya 24 hainyooshi kitu. Ombi lilishakataliwa siku tatu nyuma.

Sasa, saa huanza kugonga wapi? Katika kaunti barua haifiki kwa afisa wa habari moja kwa moja. Inaachwa kwa msimamizi wa wadi, au inaingia kwenye anwani ya jumla ya barua pepe ambayo nywila yake anaijua kijana mmoja aliyekwenda likizo, au inapelekwa ofisi ya gavana ikapigwa mhuri, ikaandikwa pembeni “tafadhali shauri”, ikashuka kwa katibu, ikashuka kwa afisa mkuu, na inapofika kwa wakili ina mihuri minne na siku kumi na moja zimekwenda. Ushauri wangu ni mmoja: hesabuni tangu mhuri wa kwanza. Msiingie kwenye ubishi kwamba ombi lilipokewa lilipofika kwa afisa anayehusika. Mwombaji ana nakala yake yenye mhuri wa mapokezi, na hiyo ndiyo itakayosomwa.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Daftari moja la maombi ya habari, la karatasi au la kompyuta, lakini moja. Kila ombi liandikwe siku hiyo hiyo: tarehe na saa, limekuja kwa njia gani, na maneno ya mwombaji kama alivyoyaandika, bila kuyafupisha. Nasisitiza hilo la maneno. Mtu ameomba “malipo yote ya ukarabati wa barabara ya soko tangu 2022”. Karani anaandika “anataka habari za barabara”. Wiki mbili baadaye idara inatoa ramani ya barabara, kila mtu anaridhika isipokuwa aliyeomba. Kando ya maneno hayo andikeni tarehe tatu: siku ya tano ya uhamisho, siku ya 14 ambayo rasimu ya jibu lazima iwe mezani kwa wakili, na siku ya 21. Ya 14 haiko katika sheria. Ni yenu wenyewe, na bila hiyo ya 21 haitimizwi.

Mambo machache ya mlangoni nitayapitia haraka. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, aandikiwe na afisa, kisha apewe nakala. Fomu mnaweza kuwa nayo, lakini hamwezi kulikataa ombi kwa sababu tu halikuja katika fomu. Kuwasilisha ombi ni bure. Mnachoweza kutoza baadaye ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuifikisha kwa mwombaji. Saa za karani za kupekua hazitozwi, wala saa za wakili za kusoma. Na sababu za mwombaji hazituhusu. Kifungu cha 4 kinasema haki yake haiathiriwi na sababu anazotoa, wala na zile tunazodhani anazo. Najua kwamba ombi la mpinzani wa kisiasa husomwa kwa jicho lingine. Lisomeni kwa jicho lolote mnalotaka, jibu libaki lile lile.

Kuna kosa moja la kisheria ambalo limekaa kwenye mafaili yetu kama kutu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya jarida la Nairobi Law Monthly dhidi ya kampuni ya umeme ya KenGen, ilisema kampuni si raia kwa maana ya Ibara ya 35. Wako maafisa ambao mpaka leo wanazirudisha barua za kampuni na mashirika wakitaja kesi hiyo. Sheria ya 2016 imeshafafanua raia kuwa ni pamoja na taasisi ya kibinafsi inayodhibitiwa na raia mmoja au zaidi wa Kenya. Ulizeni usajili wake kama mna shaka, msiirudishe barua.

Nije kwenye upekuzi, kazi ambayo mawakili huidharau kwa sababu haifanywi na mawakili.

Jibu la “hatuna habari hizo” ndilo jibu hatari kuliko yote mnayoweza kutia sahihi. Ukisema mnazo lakini hamtoi, mtabishana juu ya sheria. Ukisema hamna, kisha nakala ikajitokeza kwenye ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hakuna atakayeamini sahihi yenu tena. Kabla ya kusaini, takeni ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya upekuzi kutoka kwa kila idara iliyohusika: nani alitafuta, tarehe gani, masjala ipi, faili za nambari gani zilifunguliwa, kompyuta ya nani na maneno gani ya kutafutia yalitumika, nini kilipatikana. Faili lenye folio, yaani karatasi zilizotiwa nambari, 1 hadi 43 ambalo linaruka kutoka 27 hadi 31 linaeleza jambo. Wakili afungue faili mwenyewe ahesabu folio. Si kazi ya hadhi, inachukua dakika kumi, na huzuia aibu ya miaka.

Msisahau simu. Sheria inafafanua habari kuwa rekodi zote zilizo mikononi mwa taasisi, bila kujali zimehifadhiwa kwa umbo gani, zimetoka wapi au zilitengenezwa lini. Kundi la WhatsApp la kamati ya ujenzi wa zahanati, ambamo mhandisi aliagizwa abadilishe ukubwa wa mabomba, ni rekodi, hata kama liko kwenye simu ya mtu binafsi. Kumnyang’anya mtu simu si njia. Njia ni mwongozo ulioandikwa kabla ya mgogoro: uamuzi wowote wa kazi uliopitia kwenye simu unahamishiwa barua pepe ya ofisi au kuchapishwa na kutiwa kwenye faili ndani ya siku chache, na ombi likija, mwenye simu anatia sahihi kwamba ametafuta na ametoa alichopata. Makundi yenye ujumbe unaojifuta wenyewe yasitumike kwa kazi hata kidogo.

Na ombi likishaingia, hakuna kinachochomwa. Siku ile ile wakili aandike barua fupi kwa idara: nyaraka hizi zisiharibiwe, zisihamishwe, zisirekebishwe hadi mtakapoelezwa. Kuharibu, kubadilisha au kuficha rekodi baada ya ombi ili isitolewe ni kosa la jinai la mtu binafsi, si la idara. Hata bila ombi lolote, Sura ya 19 inayosimamia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa hairuhusu ofisi ya umma kutupa rekodi zake kwa hiari yake. “Tulisafisha stoo” ni ungamo.

Baada ya kupatikana, ndipo tunafungua kifungu cha 6, chenye misingi ya kunyima. Ni tisa: usalama wa taifa, mwenendo wa haki mahakamani, usalama na afya ya watu, faragha, maslahi ya biashara, usimamizi wa uchumi, mashauri ambayo bado hayajaamuliwa, nafasi ya serikali katika kesi, na siri za kitaaluma. Huko kaunti mnakutana na minne au mitano tu. Niseme wapi hupindishwa.

Maslahi ya biashara ndiyo kichaka kikubwa. Sheria inataka madhara makubwa kwa maslahi hayo, na kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinatuamuru kuchapisha, mara mkataba unapotiwa sahihi, kazi iliyonunuliwa, bei ya mkataba, jina la aliyepewa na muda wa kumaliza. Kwa hivyo jumla ya bei haiwezi kuwa siri. Inayoweza kulindwa ni mbinu ya mkandarasi, au mchanganuo wake wa gharama unaomfaa mshindani katika zabuni ijayo. Siku ya pili baada ya kupokea ombi mwandikieni mkandarasi, mpeni siku saba aonyeshe mstari kwa mstari anachotaka kifichwe na hasara itakayompata. Akijibu “mkataba wote ni siri”, hajajibu. Na kile kipengee cha usiri kilichomo katika mkataba wenu hakifuti sheria ya Bunge. Pande mbili haziwezi kukubaliana kumnyima mtu wa tatu haki yake ya Katiba. Serikali kuu ilijaribu kujificha nyuma ya usiri wa mikataba ya reli ya SGR, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru ifichuliwe. Katika mikataba mipya tieni kipengee kinachomwambia mkandarasi tangu mwanzo kwamba hati hii inaweza kuombwa na raia. Mjadala wote unaisha siku ya kutia sahihi.

Mashauri ambayo hayajaamuliwa: msingi huu una tarehe ya kufa. Unalinda nafasi ya kufikiri wakati jambo liko mezani. Uamuzi ukitolewa, ulinzi umekwisha, hata kama uamuzi wenyewe unaaibisha. Siri ya kitaaluma nayo inalinda ushauri wa wakili kwa serikali. Hailindi ripoti ya mhandisi kwa kuwa tu wakili alipelekewa nakala. Kuna ofisi zilizojifunza kumweka wakili kwenye kila barua pepe ili zote ziwe siri. Mnachopata hapo ni sanduku lililojaa na siri isiyo siri. Na mhuri mwekundu wa SIRI juu ya jalada si msingi wa kunyima. Mhuri unaeleza aliyeupiga alifikiri nini siku ile.

Faragha ndiyo inayohitaji mkono mwepesi, kwa sababu kuna Ibara ya 31 na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtu akiomba orodha ya vibarua waliolipwa katika mradi, umma una haki ya kujua ni wangapi, wa kazi gani, walilipwa kiasi gani, na kwa kawaida hata majina. Nambari za vitambulisho, za simu, za akaunti na za ushuru hazimsaidii mtu kuhoji matumizi, hizo zifunikwe. Kosa ni kunyima orodha nzima kwa sababu ya safu mbili. Sheria inaitambua nakala iliyohaririwa: unatoa hati, unafunika kinacholindwa, unamwambia mwombaji kwamba umefunika.

Kufunika kwenyewe kuna ufundi. Boksi jeusi linalochorwa juu ya maandishi ndani ya faili la PDF linaficha macho tu. Maneno yako chini yake, na mwombaji akinakili na kubandika kwingine anayasoma yote. Jedwali la kompyuta lenye safu “zilizofichwa” linafunuliwa kwa kubofya mara mbili. Kalamu nyeusi ya wino juu ya karatasi husomeka ukiiinua kwenye mwanga. Njia ya uhakika ambayo kila ofisi inaimudu ni hii: chapisha, funika kwa kalamu, toa fotokopi ya ile iliyofunikwa, ikague fotokopi dirishani, kisha skani fotokopi. Iliyotiwa kalamu ibaki kwenye faili. Kando yake pawe na karatasi ya kumbukumbu: ukurasa, mstari, kilichofunikwa ni cha aina gani, aya ipi ya kifungu cha 6, na herufi za jina la aliyefunika. Miezi sita baadaye, Tume ikiuliza kwa nini ukurasa wa 9 una doa jeusi, hakuna atakayekumbuka. Karatasi hiyo itakumbuka.

Barua ya kukataa sasa. Naona nyingi za namna hii: “Ombi lako limekataliwa kwa kuwa habari unazoomba ni za siri kwa mujibu wa kifungu cha 6.” Haisemi kama habari zipo. Haitaji aya. Haielezi madhara. Haimwambii mtu aende wapi. Linganisheni na hii: “Mkataba unao kurasa 62. Tumekupa 58. Kurasa za 14 hadi 17 zina mchanganuo wa bei za malighafi wa mkandarasi, ambaye anashiriki zabuni nyingine ya aina hii inayofungwa mwezi ujao; kuzitoa sasa kutampa mshindani bei zake, na tumezinyima chini ya kifungu cha 6(1)(e). Jumla ya bei iko ukurasa wa 12. Usiporidhika, unaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huu ndani ya siku 30.” Barua ya pili si ndefu sana kuliko ya kwanza, ila aliyeiandika alilazimika kuusoma mkataba.

Kuna jambo la wakubwa, na tusilikwepe. Mteja wetu ni serikali ya kaunti, si gavana wala waziri aliye ofisini msimu huu. Sheria inamfanya mkuu wa taasisi kuwa afisa wa habari, naye anaweza kukasimu. Hakikisheni amekasimu kwa barua yenye jina na tarehe, la sivyo kila jibu litapandishwa juu likakwama. Habari ikiwa nyeti, mkubwa aelezwe kabla haijatoka, ili asiisome gazetini. Anaelezwa ajue. Haombwi ruhusa. Tofauti hiyo iandikwe waziwazi kwenye dokezo lenu: “Kwa taarifa yako, nakala zitatolewa Alhamisi.” Wakili aliyeandika “naomba mwelekeo wako” amejitia kitanzi, kwa kuwa mwelekeo utakuja.

Tuingie kwenye vikao. Kenya haina sheria moja ya mikutano ya wazi kama zilizoko katika majimbo ya Marekani. Tunayo Ibara ya 118 kwa Bunge na ya 196 kwa mabunge ya kaunti, na zote mbili zinasema vikao, pamoja na vya kamati, viko wazi kwa umma. Kufunga kunaruhusiwa katika hali isiyo ya kawaida tu, na anayeamua ni spika, akiwa na sababu zinazokubalika. Someni tena: spika. Mwenyekiti wa kamati anayewaambia wanahabari watoke kwa kuwa “tunataka kuongea mambo ya ndani” hana mamlaka hayo. Wakili akiwa chumbani, la kufanya ni kumnong’oneza mwenyekiti aahirishe kwa nusu saa, karani aandike ombi kwa spika likieleza ni ajenda ipi na kwa nini, spika aamue kwa maandishi, na kikao kirudi. Kifungwe kwa ajenda hiyo tu, kisha milango ifunguliwe. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya kikao, ionyeshe saa ya kufunga na ya kufungua.

Ushirikishaji wa umma ndipo sheria zetu za kaunti zinapofia. Mwaka 2014 Jaji Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 katika kesi ya Gakuru, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo, na akaeleza kwamba haitoshi kurusha tangazo na kumwachia anayejali alitafute. Watu wafuatwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redio za lugha zao. Mahakama ya Juu ilitoa mwongozo wake mwaka 2019 katika kesi ya British American Tobacco: ushiriki uwe wa kweli, si wa kupamba, na watu wapate habari na muda unaotosha. Hakuna idadi moja ya siku iliyowekwa kwa kila jambo. Ila mswada wa kurasa 200 uliotangazwa Ijumaa kwa mkutano wa Jumatatu, wakili yeyote mchanga ataufuta.

Tangazo liseme jambo lenyewe, si “masuala ya fedha”. Liseme hati inapatikana wapi, na hati iwepo pale siku ya tangazo, hasa ofisi ya wadi, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili. Kwenye mkutano, karatasi ya mahudhurio ina mtego. Orodha moja yenye jina, kitambulisho, simu na sahihi hutumika pia kulipia nauli, kisha inaambatishwa kwenye ripoti inayochapishwa. Mmechapisha nambari za watu mia mbili. Tengenezeni mbili: ya majina na kijiji kwa ajili ya ripoti, na ya malipo inayobaki kwa mhasibu. Kinachookoa sheria mahakamani, zaidi ya mahudhurio, ni jedwali la maoni: nani au kundi gani lilisema nini, kifungu kipi, kimebadilishwa vipi, na kama hakikubadilishwa, kwa nini. Safu ya mwisho ndiyo huachwa wazi, na ndiyo ambayo wakili wa upande wa pili huifungua kwanza.

Mzigo wote huu unapungua mkichapisha bila kuombwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba na mwongozo wa sera ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, kila mmoja ukichapishwa ndani ya siku saba baada ya kuwasilishwa. Zikiwa mtandaoni, mwombaji anaelekezwa huko na kazi imekwisha, mradi kiungo kinafunguka. Tovuti za kaunti hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, na za zamani hupotea na hati zake. Kabla mkandarasi wa tovuti mpya hajagusa kitu, wekeni nakala ya zote kwenye diski mbili, moja ikae masjala.

Neno kuhusu nyaraka zinazovuja. Mwaka 2017, katika kesi ya Njonjo Mue, Mahakama ya Juu ilikataa kupokea hati za ndani za tume ya uchaguzi zilizopatikana bila kufuata utaratibu wa kuomba. Mawakili wa serikali wanaipenda sana kesi hiyo. Lakini ngao hiyo inamkinga anayejibu maombi. Ukiitaja mbele ya jaji, swali litakalofuata ni kama mlango wenu ulikuwa wazi, na mwenzako atatoa barua tatu zenye mhuri ambazo hamkuzijibu.

Mwombaji akienda kwa Tume, mtapata barua ya kutakiwa mjieleze. Msianze kutunga hoja mpya. Tumeni nakala ya ukurasa wa daftari, kumbukumbu za upekuzi, barua kwa mkandarasi na majibu yake, karatasi ya ufunikaji, na barua ya kukataa. Kama kuna kitu mlichokosea, kitoeni siku hiyo. Ombi lililotimizwa kwa sehemu hubakisha ubishi mdogo. Tume ikitoa amri, mna siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu tangu tarehe ya amri. Pasipo rufaa, aliyeshinda anaweza kuiwasilisha Mahakama Kuu na kuomba ruhusa ya kuitekeleza kama hukumu, bila nyinyi kuitwa. Kwa hivyo amri ya Tume nayo iingie kwenye daftari lile lile siku inapofika, na tarehe ya rufaa iandikwe pembeni, ikihesabiwa tangu tarehe iliyo juu ya amri, hata kama mhuri wenu wa kupokea una tarehe ya wiki moja baadaye.